Chungu cha Chini ya Tanuru

Makarius alikuwa na cheti cha uashi, daraja la kwanza, na misimu tisa ya kuchimbua mambo ya kale Heru Juu na Kitahana. Ripoti tisa zilikuwa zimeandikwa, na jina lake halimo hata katika moja. Wenye digrii walitajwa wote, mpaka yule aliyeshinda hemani msimu mzima akiugua malaria! Makarius alitaka kitu kimoja tu kabla mgongo haujamwishia: jina lake liandikwe.

Basi mwaka 1996 bintiye Esteri aliporudi Kasulu na digrii, akapewa kusimamia uchimbuaji wa tanuru la wahunzi wa kale, Makarius alimshukuru Mungu. Si ndiye aliyemfundisha kushika mwiko wa kuchimbulia? Damu nzito kuliko maji, bwana. Safari hii ataandikwa.

Walipofika kwenye sakafu ya tanuru, Esteri alitazama saa, kisha wanafunzi wa chuo kikuu waliomzunguka.

"Fundi, vunja hapo kwa sururu."

Fundi! Nyumbani humwita Data, kama Waha wanavyomwita baba. Makarius alilimeza.

"Twende na mwiko, mwanangu. Wahunzi walizika chungu cha dawa chini ya sakafu, ili chuma kikubali kutoka. Babu yangu alikuwa..."

Mwanafunzi mmoja alicheka. Esteri akaona haya.

"Hilo halimo vitabuni. Piga, Fundi."

Angeweza kukataa. Lakini kumwaibisha mtoto wake mbele za watu hakuweza. Akainua sururu, akapiga, na papo hapo akasikia chungu kikipasuka.

Jioni Dakta Sylvesta, mkuu wa msafara, alivigeuza vigae kimoja kimoja.

"Nani kaamua kutumia sururu hapa?"

Esteri aliinamia viatu vyake. Makarius alimngoja. Alimngoja sana, jamani. Alipoona mdomo wa bintiye haufunguki, akasema, "Ni mimi. Nilikatazwa, sikusikia."

Akafukuzwa kazi palepale.

Miezi minne baadaye Venanti, mchimbaji mwenzake, alimletea ripoti mpya. Makarius aliifuata kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika: "Chungu kilivunjwa na kibarua Makarius Nsengimana, asiye na elimu ya akiolojia." Aliyeandika sehemu hiyo alikuwa Esteri.

Mkewe Theodosia alichungulia kutoka jikoni, uso umejaa furaha. "Wamekuandika?"

"Wameniandika," alisema Makarius, akageukia ukutani akalia.