Funga ya Sabra

Tumbo la Sabra lilikuwa limejifunza kusema kweli. Mdomo wake ndio uliokuwa mwongo.

Tumbo lilifundishwa na Neema, mwalimu wa yoga, katika ukumbi mmoja wa Kilakala ambako Sabra alikwenda kunyoosha viungo asubuhi kabla ya kufungua duka lake la vitambaa. Neema hakumkataza mtu chakula. Alisema tu, vuta pumzi kabla ya tonge la kwanza, tafuna bila haraka, uliza tumbo, usiulize macho. Sabra alicheka mwanzoni. Baadaye akashangaa: chipsi za jioni zilimkinaisha, soda akaisahau, na kwenye wali alijua hasa tonge lipi linatosha.

Shida ilikuwa nyumbani. Bi Chausiku, mama wa mumewe, alikuwa ameteremka kutoka kijijini Kinole, milimani, kuja kutibiwa sukari, na mkono wake wa kupakua haukuwa na breki. Kwake yeye, mkwe anayeacha chakula cha mama mkwe sahanini anadhani kimetiwa kitu. Kusema "nimeshiba" ilikuwa sawa na kumwita mchawi. Basi Sabra, badala ya kukaa na mama wa watu akamweleza, akatafuta njia ya mkato. Jumatatu moja akasema, "Mama, leo nimefunga sunna."

Heri angenyamaza. Bi Chausiku alifurahi mpaka akawatangazia majirani. Magharibi akamwandalia uji wa pilipili manga na magimbi ya nazi, na Sabra akala kidogo, maana aliyefunga kutwa halazimishwi kula sana. Alhamisi akafunga tena. Mchana, nyuma ya kaunta, alikula papai na maharage yake taratibu kama alivyofundishwa, na kila tonge lilimsuta. Uongo juu ya chakula ni kitu kimoja. Uongo juu ya saumu, Mungu akiusikia, ni kingine. Alijua hivyo, na bado Jumatatu iliyofuata akasema vilevile.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo alirudi saa kumi akamkuta Bi Chausiku kwenye mkeka, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka.

"Mama! Umekula nini leo?"

"Nimefunga, mwanangu. Tangu Jumatatu nakusindikiza. Utafungaje peke yako, na mimi nimo nyumbani?"

Sabra akaelewa: sukari imemshuka. Vidonge vya sukari mama alimeza alfajiri, halafu kutwa nzima bila kitu tumboni! Akakimbia jikoni, akakoroga sukari kwenye maji, akamwekea kikombe mdomoni. Bi Chausiku akafunga midomo.

"Jua bado. Wewe unavumilia na kazi juu, mimi nishindwe nimekaa?"

"Mgonjwa ana ruhusa, mama."

"Ruhusa ninayo. Aibu je?"

Kikombe kilikuwa kinamwagika. Sabra akapiga magoti.

"Mama, mimi sijafunga. Nimekula saa saba. Sijawahi kufunga hata siku moja kati ya hizo. Nilikuwa nashiba mapema tu, nikaogopa kukwambia."

Bi Chausiku akachukua kikombe mwenyewe, akanywa chote.

Mikono ilipotulia akaomba chakula. Sabra akapakua wali uliobaki jana kwenye sinia, wakala pamoja. Sabra hakukumbuka hata kuvuta pumzi kabla ya tonge la kwanza. Tumbo likasema basi. Akaosha mkono, akajikaza kusubiri maneno.

"Nimeshiba, mama."

"Haya," alisema Bi Chausiku, akavuta sinia upande wake, akaendelea kula.

Neno "nimeshiba" lilikuwa jepesi kiasi hicho, na Sabra alikuwa nusura amuue mtu kwa kuliogopa.