Makapi Yaliyofuliwa

Wenye midomo yao walimwita Bi Makapi, naye akaitika bila kununa. Kiwanda cha kufulia alichokiendesha pamoja na mama mkwe wake kilikuwa kimefungiwa boila jipya, linalochemsha maji kwa makapi ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa iliyo nyuma ya ukuta. Zamani makapi hayo yaliishia jalalani. Leo ndiyo yangepiga pasi mashuka ya hospitali nzima, na Bi Makapi hakuwa na chembe ya wasiwasi.

Wasiwasi ulikuwa wa mama mkwe. Yeye ndiye aliyeanzisha kazi hii kwa beseni moja na mikono yake miwili, mpaka watu wakampa jina la Mama Povu. Neno lake lilikuwa la mwisho, na alikwisha kulitoa: mashuka ya leo yakichelewa, boila la makapi linang'olewa na dizeli inarudi, basi.

Asubuhi mambo yalikwenda sawia. Moto ulinguruma, mvuke ukapita kwenye mabomba, mashuka yakatoka mashineni yamenyooka. Halafu mshale wa presha ukaanza kushuka. Fundi wa boila alipofungua mlango wa tanuri, moshi mzito ulimpiga usoni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Haya makapi yana nini leo?" alifoka.

Bi Makapi alitoka mbio hadi uani. Lundo zima lilikuwa linang'aa kwa maji. Kando yake alisimama Mama Povu, mikono ya gauni ameikunja, mpira wa maji mkononi, roho yake kwatu.

"Vumbi la makapi yako linatua kwenye mashuka yangu meupe," alisema. "Nimeyaosha."

"Mama! Umefua kuni?"

"Sasa mwanangu, kitu kichafu kinafanywaje?"

Ndiyo taabu ya watu wa kufua, kila kitu kwao ni nguo. Bi Makapi alitaka kucheka, akataka kulia, vyote akavimeza. Mama wa watu hakuwa na hila, na kuhusu vumbi alisema kweli.

Fundi alikuja anapikicha macho. "Bosi, niwashe lile boila la zamani la dizeli? Nikiwasha sasa hivi, mashuka yatawahi."

Mama Povu alimkazia macho mkamwana wake.

"Usiwashe," Bi Makapi alisema.

Alipanda juu ya lundo, akapiga magoti, akazamisha mkono hadi begani. Juu kulikuwa chapachapa, lakini chini kidogo tu makapi yalikuwa makavu, yanakwaruza ngozi. Ganda la mpunga ni kaidi, halinywi maji upesi.

"Leteni makoleo!" aliita. "Ya juu yaanikwe, ya ndani yaende tanurini!"

Wapiga pasi, ambao bila mvuke hawakuwa na kazi, walikuja mbio. Mama Povu naye akatupa mpira wa maji, akachukua koleo, akachimba kama aliyeahidiwa dhahabu. Moshi ukakatika. Moto ukashika, mshale ukapanda taratibu na kutulia pale ulipotakiwa. Gari la hospitali lilipoingia getini, shuka la mwisho lilikuwa linakunjwa, na fundi alikuwa anafunga turubai juu ya lundo ili vumbi lisiruke tena.

Mama Povu alilichukua shuka lile, akalikunjua, akalinusa, akaliinua mwangani kutafuta doa. Bi Makapi alisimama akimtazama. Hakutaka kulipoteza boila lile, wala hakutaka kulipata kwa kumshinda mama yake mbele ya watu.

Shuka lilikunjwa upya, likapelekwa garini. Kisha Mama Povu, ambaye tangu siku za beseni hakuwahi kumruhusu mtu amwelekeze kazi, aliburuta kiti mpaka mbele ya tanuri na kuketi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Nifundishe kuliwasha."