Lenzi Niliyomchagulia Mke Wangu

Mke wangu ananizidi kupiga picha. Nimelisema mara moja na silirudii, maana hata sasa linanikwama kooni.

Na mwalimu wake ni mimi. Nilipiga picha za mpira wa miguu kwenye gazeti miaka kumi na tisa, mpaka gazeti likapunguza watu na mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Tukafungua studio katika chumba cha mbele cha nyumba yetu: pasipoti, mahafali, harusi. Yeye alianza kwa kunishikia taa. Siku moja akaazima kamera yangu ya zamani kwenda kumpiga picha mdogo wake kwenye mechi ya voliboli, akarudi na picha ya msichana aliye juu ya wavu, mkono umekwenda nyuma, macho ameyafumba, na mpira bado haujamfikia. Niliitazama kwenye kompyuta muda mrefu. Halafu nikamwambia imeinama kidogo upande wa kushoto.

Ilikuwa imeinama kweli. Kidogo.

Picha hiyo ikatembea kwenye simu za watu mpaka ikafika chama cha voliboli. Wakapiga simu. Wangemjaribu kwa mechi tatu, na wakiridhika, msimu mzima wa ligi ni wake. Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi jioni, ukumbini. Aliyepiga simu alipiga kwenye namba yangu, nikapokea mimi, akaniuliza, "Samahani, mama yupo?"

Nikampa simu. Nilijikaza kisabuni, nikampongeza, nikanunua na soda. Lakini kijiba cha roho hakiyeyuki kwa soda. Watoto wetu pacha walipoanza kumwita "mpigapicha wa taifa" mezani, nilicheka kuliko wote, kisha nikaenda kuoga ingawa nilikuwa nimeshaoga.

Siku ya Alhamisi akaniambia, "Baba Pacha, nisindikize dukani ukanichagulie lenzi. Wewe ndiye unayezijua."

Hapo roho yangu ilitulia kwa mara ya kwanza wiki nzima. Kumbe bado ananihitaji.

Duka la kamera lilikuwa jembamba, lina kaunta ya kioo mbele na stoo nyuma ya pazia. Muuzaji alikuwa mwanamume wa rika langu, mwenye tumbo na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimsalimia mke wangu kwa uchangamfu uliozidi kipimo, nikalitia akilini na hilo. Nilikuwa katika hali ya kuonea wivu hata salamu.

Akaweka lenzi mbili juu ya kaunta. Moja fupi, nene, ina kioo kipana mbele, ya kuvuta kutoka milimita sabini mpaka mia mbili. Ya pili ndefu, inafika mia sita. Ukiivuta hii inarefuka mpaka mtu pembeni anasogea aipishe.

Sasa sikilizeni. Ukumbi ule naujua. Madirisha yake yako juu karibu na paa, na taa za upande mmoja ziliungua zamani hakuna aliyezibadilisha. Mle ndani unahitaji lenzi inayopokea mwanga mwingi, ile nene. Hii ndefu ni ya uwanjani, mchana, jua likiwaka. Ukiivuta hadi mwisho inapokea mwanga mara tano chini ya mwenzake. Mchezaji akiruka ukumbini, picha inatoka nyeusi, au mkono wake unakuwa ukungu mtupu. Hili analijua kila mpigapicha wa michezo, hata yule mlevi tuliyekuwa naye gazetini.

Nikaishika ile ndefu.

"Hii," nikasema. "Inakupeleka mbali. Unakaa kwenye kiti chako, unamfuata mchezaji mpaka jasho la puani."

"Na hii nyingine?" akauliza.

"Mia mbili tu? Utaishia kupiga migongo ya waamuzi."

Muuzaji akakohoa. Nikamtupia jicho, akaanza kufuta kioo kisafi.

"Njoo uijaribu," nikamwambia mke wangu, nikampeleka mlangoni, kwenye jua la saa sita mchana. Huo ndio ulikuwa ujanja wangu, na naona aibu kuueleza, kwa sababu juani hakuna lenzi mbaya. Akaielekeza ng'ambo ya barabara, kwa fundi viatu aliyekuwa akikata uzi kwa meno. Akabonyeza mara tatu. Kwenye kioo cha kamera ungeweza kuhesabu nywele za masharubu yake.

"Umeona?" nikasema.

"Nimeona," akasema taratibu. "Kwa hiyo hii ndiyo ya kwenda nayo ukumbini, Baba Pacha? Una hakika?"

Ningeweza kurudi nyuma hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini nilikuwa nimeshaiona Jumamosi yote kichwani: picha zimeharibika, chama kimenuna, yeye amekaa kitandani anazifuta moja moja. Nami nampelekea chai, nampa pole, na mechi ya pili naenda mimi. Nilishachagua hata shati.

"Nina hakika," nikasema.

Tukarudi kwenye kaunta. Akaweka lenzi chini polepole. Muuzaji akamtazama yeye, akanitazama mimi, akavua miwani.

"Basi mama, ile uliyoniambia nikuwekee jana niirudishe kabatini?"

"Ipi?" nikauliza mimi.

"Hii hii nene, bosi. Mama jana amenifanyisha kazi hapa! Amenizimisha taa zote za stoo, akaniambia nirukeruke yeye apige. Na tumbo hili! Mpaka leo magoti yananiuma." Akacheka peke yake, kisha akagundua kuwa anacheka peke yake. Akachukua kitambaa chake akaingia nyuma ya pazia.

Nikabaki nimeshika ukingo wa kaunta. Mke wangu hakuwa na hasira usoni. Ningeshukuru kama angekuwa nayo.

"Ulishachagua," nikasema.

"Nilishachagua."

"Sasa umenileta ya nini? Kunipima?"

"Kukupima?" Akashangaa kweli. "Nilitaka uichague wewe. Jumamosi wakiniuliza nimeipata wapi lenzi nzuri hivi, niwaambie amenichagulia mume wangu, yeye ndiye aliyenifundisha. Wale wote ulikuwa unawajua zamani. Nilitaka wakukumbuke." Akaigusa ile nene kwa kidole. "Wala sikuwaza kwamba ungekosea. Nilikuwa na wasiwasi tu usije ukajua kwamba nimetangulia."

Nje fundi viatu alikuwa anagonga soli. Nilitafuta uongo wa pili wa kuufunika wa kwanza: uzee, macho, kusahau. Ulikuwepo. Angeupokea.

"Sikukosea," nikasema.

Akaniangalia. Niliona lilivyomwingia, kidogo kidogo, mpaka likafika.

"Najua ukumbi ule una giza," nikaongeza. "Najua ingeharibu."

Hakulia, wala hakupaza sauti. Alizisogeza zile lenzi mbili juu ya kioo, akazipanga mbele yangu upya zikiwa sambamba, akafuta alama ya kidole changu kwenye ile ndefu kwa upindo wa kanga yake.

"Haya," akasema. "Nichagulie tena."

Nikanyoosha kidole kwenye ile nene. Akamwita muuzaji, akamwambia kwa sauti ambayo hata mimi ningeiamini, "Funga hii. Amenichagulia mume wangu."

Na nilivyo mtu wa ajabu, pale pale, roho yangu imejaa aibu mpaka juu, nikamwonea wivu hata kwa hilo: hata kudanganya ananizidi.