Paka Ndani ya Kochi la Mwalimu

Katika karakana ya mjomba wangu, mtu pekee ambaye hajawahi kumdanganya mteja ni mimi. Waulizeni wateja wenyewe. Mjomba akikwambia "njoo kesho", ujue kochi lako bado ni mti msituni na ndege wamejenga kiota. Mimi nikisema limekwisha, limekwisha, lete gari. Ndiyo maana simu ya karakana napokea mimi, tena kwa sauti ya mtu mwenye dhamiri safi.

Asubuhi ya siku ya chanjo simu ililia nikiwa nimepiga magoti sakafuni, mkono wangu wote umezama kwenye tumbo la kochi la Mwalimu.

Huyu Mwalimu si mwalimu hivihivi. Alikuwa mwalimu wa nidhamu pale sekondari niliposoma, mama ambaye akivua miwani tu darasa zima linakumbuka makosa yake. Alituletea kochi lake la watu wawili tulivalishe upya, akachagua kitambaa cha rangi ya udongo ili kisionyeshe manyoya ya mbwa wake.

"Mjomba wako amesema mnaniletea kochi asubuhi hii," akaniambia. "Nipo mlangoni nasubiri."

Nikalitazama kochi. Lilikuwa limekwisha, limenyooka, limependeza. Ila kule ndani, kwenye giza la chini, macho mawili ya kijani yalikuwa yananitolea nuru.

"Shikamoo, Mwalimu. Gundi bado haijakauka. Tuvumilie mpaka jioni."

"Gundi."

"Ni hii hali ya hewa, Mwalimu."

Nje jua lilikuwa linakaanga mabati.

"Haya," akasema. "Basi acha nitumie nafasi hiyo nikamalize shughuli yangu nyingine." Akakata simu.

Sawa, nimedanganya. Mara moja. Lakini kabla hamjanihukumu, mjue yale macho yalikuwa ya nani.

Yalikuwa ya Meneja. Meneja alikuja kwetu akiwa ndani ya kochi bovu lililoletwa kutengenezwa, kitoto cha paka ambacho hakijafungua macho, mama yake hajulikani alikokwenda. Mimi ndiye niliyemnywesha maziwa kwa kipande cha sponji mpaka akajua kusimama. Leo ana mwili wa bondia na panya wa mtaa mzima wanamjua kwa cheo chake. Kila usiku anazurura nyuma ya karakana kukagua mipaka.

Na nyuma ya karakana ndiko alikopita mbwa mmoja asiye na mwenyewe, anayumba, taya limelegea, mate yananing'inia kama uzi wa cherehani. Watu wa mifugo walimmaliza. Kisha wakapita na kipaza sauti: mbwa na paka wote wapelekwe kesho uwanja wa mpira, chanjo ni bure, mwisho saa sita mchana.

Jioni ile ile nilimwambia mjomba kwamba Meneja ataenda.

"Paka wa kazi hachanjwi," akasema, misumari midogo imebanwa mdomoni.

"Nani kasema?"

"Mimi. Fundi wa milango alimpeleka wake akadungwa. Leo yuko wapi? Amelala. Panya wanamruka kama tuta la barabarani. Mimi nataka paka, sitaki mto wenye mkia."

"Yule alikuwa mvivu hata kabla ya sindano, mjomba. Amemfuata mwenyewe."

Hakucheka, ila masharubu yalicheza kidogo.

"Na akishikwa na kichaa cha mbwa?" nikamuuliza.

"Si umesema mwenyewe? Cha mbwa."

"Paka naye anashikwa. Na akishashikwa hakuna dawa. Watammaliza kama walivyommaliza yule, na sijui atakuwa ameshamuuma nani."

Mjomba akatema misumari kwenye kiganja. "Hii karakana ya nani?"

"Yako."

"Na paka wa karakana ni wa nani?"

"Wangu."

Nyundo ikawekwa chini taratibu. Mjomba ana roho nzuri, lakini hajazoea kujibiwa na mtoto wa dada yake mbele ya makochi ya watu.

"Kesho," akasema, "huyo paka asitoke mlango huu akiwa mikononi mwako. Ukimtoa, na wewe usirudi."

Nililala na maneno hayo, nikayageuza kama shati, nikaona upande wa pili. Mikononi mwangu. Sawa, mjomba. Mikononi mwangu hatatoka.

Basi ndiyo hiyo asubuhi mliyonikuta nimepiga magoti. Kitambaa cha chini ya kochi nilikuwa nimekiacha wazi kona moja, nikatupia ndani kichwa cha samaki, na Meneja akaingia kama mtu anayerudi kwao. Baada ya simu ya Mwalimu nikatoa mkono, nikashika mashine ya pini: pwa, pwa, pwa. Kitambaa chenyewe ni chepesi kama chandarua, pumzi inapita vizuri. Hata angelalamika, angelalamikia samaki kuwa mdogo.

Na nani alinisaidia kulipandisha kwenye mkokoteni? Mjomba mwenyewe.

"Mbona zito?"

"Mbao nzuri hizo, mjomba."

"Linanuka samaki."

"Gundi mpya."

Tulipoliweka, kochi likasema nyau. Si kwa nguvu, lakini lilisema. Mjomba akainamisha sikio.

"Nini hicho?"

"Springi."

"Springi gani inalia hivyo?"

"Zile ulizofunga wewe."

Fundi wa miaka mingi hawezi kuomba springi zake zikaguliwe na binti aliyemaliza shule juzi. Akakaza kamba, akasema nimsalimie Mwalimu, nikasema salamu zitafika.

Pale uwanjani foleni ilikuwa ndefu, imejaa mbwa wanaokoromeana na wenyewe wanaojifanya hawajuani. Nikasukuma mkokoteni mpaka mkiani. Mwanamume mmoja mwenye mbwa mkubwa wa mnyororo akanitazama, akalitazama kochi.

"Dada, umeleta kochi lichanjwe?"

"Linauma," nikamwambia. "Sogea kidogo."

Bibi mmoja mwenye kapu la mtoto wa paka aliomba akae, miguu inamsumbua. Ningemnyimaje? Kila tulipopiga hatua nikamsukuma pamoja na kochi, kama malkia. Chini yake Meneja akaanza kunguruma, na bibi akaomba radhi kwa watu, akidhani ni tumbo lake.

Jua lilikuwa limesimama wima tulipofika mezani. Daktari wa mifugo, kijana aliyevaa buti za mpira, alikuwa ameshaanza kufunga boksi la barafu.

"Mnyama yuko wapi?"

"Bibi amemkalia."

Bibi akaruka kwa miguu ile ile iliyokuwa inamsumbua.

"Hilo kochi la nani?" daktari akauliza.

"Langu," nikasema bila kupepesa. Maana angesikia ni la mteja angenikataza kulifungua, na boksi lilikuwa linafungwa.

Nikachomoa pini kwa bisibisi moja baada ya nyingine, nikaingiza mkono, Meneja akanisalimu kwa kucha zote alizojaliwa. Sikumwachia. Nilimshika ngozi ya shingo, nikamtoa nje na kichwa cha samaki mdomoni, na kabla hajaamua amuume nani, sindano ilikuwa imeingia na kutoka. Hata samaki hakumwachia.

Daktari akamfunga utepe mwekundu shingoni, alama kwamba amechanjwa. Njiani nilikuwa nimepanga kuukata utepe wowote kwa mkasi wa karakana kabla mjomba hajaona. Sasa nikamtazama Meneja alivyokaa juu ya kochi akitafuna, kucha nzima, hasira nzima, na nikajua siukati. Mjomba auone. Ataniambia nisirudi, nami nitamwambia paka hakutoka akiwa mikononi mwangu, alitoka amepanda kochi, na kochi alilibeba yeye mwenyewe. Panya wakizidi, anifukuze. Nitaondoka na paka wangu aliye hai.

Nikajitupa kwenye kochi kando ya Meneja, mikono imechanika, nikajisikia kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Simu ikalia. Mwalimu.

"Shikamoo tena, Mwalimu."

"Marahaba. Nauliza tu. Gundi imefikia wapi?"

Ningeweza kusema ukweli. Lakini uongo wa asubuhi ulikuwa bado una joto, ukatoka wenyewe.

"Inakauka, Mwalimu. Hapa nilipo nimekaa mbele ya kochi lako nalipepea. Ndani ya karakana. Hata mtu sijaruhusu aliguse."

Mbwa akabweka kwenye simu. Mbwa huyo huyo akabweka nyuma ya sikio langu jingine.

Meneja aligeuka kabla yangu. Mwalimu alikuwa amesimama hatua chache nyuma ya kochi, miguuni pake mbwa wake mwenye utepe mwekundu shingoni, simu sikioni. Mkono wa pili ulikuwa unavua miwani.

"Endelea," akasema, bado kwenye simu. "Nakusikia kwa masikio yote mawili. Lipepee nione."