Wimbo wa Kutupia Udongo

Baba yangu, Lameck, alifariki Jumatano saa tatu asubuhi, mwezi wa sita mwaka juzi, tukiwa tumeanika mpunga uani. Aliniomba maji. Nilipotoka ndani na kikombe alikuwa ameegemea ukuta vilevile, kofia imemfunika uso, na kuku wanakula mpunga karibu na miguu yake bila yeye kuwafukuza. Nikawafukuza mimi. Ndipo nikamwita mama.

Tulimzika Ijumaa, hapahapa Ngonga, karibu na Ziwa Nyasa. Udongo ulipoanza kutupwa, kwaya iliimba wimbo wake. Kwetu hakuna anayezikwa bila wimbo huo. Baba aliufundisha kwaya ya kanisa kabla mimi sijazaliwa. Una maneno tisa tu, yanaimbwa moja moja, polepole, na kila neno linaposhuka, koleo moja la udongo linashuka pia. Maana yake hakuna aliyeijua. Si Kinyakyusa, si Kiswahili. Wengine walisema ni lugha ya wainjilisti wa zamani. Mchungaji mmoja aliwahi kumuuliza baba, akajibiwa, "Ni kilio tu, mchungaji." Kuna bibi harusi aliyependa sauti yake akataka aingie nao kanisani. Kwaya ikakubali. Baba, mzee wa kanisa mwenye kiti chake mbele, alisimama akatoka nje watu wote wakimtazama. Tulisema ni uzee.

Ngoma zote hakuzitaka. Ing'oma ikipigwa kijijini, vijana wakicheza na vumbi likipanda, yeye alifunga mlango. Tulidhani ni ulokole.

Wiki ya saba baada ya mazishi alikuja Shani, mjukuu wa mzee Ridhwani mwenye duka la vitambaa Kyela mjini. Shani anafanya kazi Dar es Salaam, mahali wanapohifadhi kanda za zamani za nyimbo za wapigania uhuru. Wanazisafisha na kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Alishuka kwenye bodaboda amekumbatia laptop kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo bibi," alimwambia mama.

"Marahaba. Wewe ndiye mjukuu wa Ridhwani? Babu yako aliniuzia khanga inachuja rangi."

"Alisema utasema hivyo, bibi."

"Basi mwambie bado inachuja."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza mama kucheka tangu msiba. Gwamaka, mdogo wangu, alikuwepo. Alikuwa ametoka tu kuchaguliwa kukalia kile kiti cha baba kwenye baraza la wazee, na siku hizo alivaa koti hata kwenye joto.

Shani akaeleza. Mwaka sabini na nne mtafiti mmoja alipita huku kwetu na mashine yake, akirekodi nyimbo walizoziacha wapigania uhuru njiani. Kwenye kanda moja anasikika mtu anajitaja: Lameck, wa Ngonga. Alitaka tumthibitishie kama ni yeye. Familia ikikubali na kusaini, rekodi itawekwa wazi, kila mtu aisikilize.

"Baba yetu kwenye historia ya nchi!" alisema Gwamaka. "Lete hiyo karatasi nisaini."

"Sikiliza kwanza, kaka. Tena anayesaini ni bibi, ndiye mjane wake."

"Nisikilize nini? Mimi sauti ya baba siijui?"

Shani alifungua laptop. Alibonyeza.

Kwanza ilisikika kama mvua juu ya bati. Kisha wimbo. Maneno yale tisa, lakini ya haraka kidogo, kwa sauti ya kijana. Mama aliziba mdomo kwa khanga.

"Ni yeye," alisema. "Hapo ana meno yote."

Wimbo ukaisha. Mwanamume mwingine akauliza, "Huu umeutoa wapi?"

"Si wa kwetu," ilijibu sauti ya baba. "Ni wa vijana waliokuwa wanakwenda Msumbiji kupigana na Wareno. Hayo ninayoimba ni majina yao ya vita."

"Wako wapi sasa?"

"Ziwani. Ni mwaka wa tatu huu."

Nilimtazama Shani. Alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye alishajua kinachofuata.

Baba alieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Boti kubwa ilisimama mbali kwa sababu kina cha maji ufukweni ni kifupi. Yeye aliajiriwa kuwafikisha botini kwa mtumbwi, alfajiri. Walikuwa kumi na wawili. Mtumbwi wake ulichukua sita. Kiongozi wao akasema waende mara mbili.

"Nikamwambia mara moja inatosha."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

Jogoo akawika ndani ya kanda, jogoo wa mwaka sabini na nne.

"Siku hiyo kulikuwa na ing'oma Ngonga," alisema baba. "Mpigaji mkubwa nilikuwa mimi. Niliogopa kuchelewa."

Upepo uliamka wakiwa katikati. Mtumbwi ukapinduka. Watatu waliushikilia pamoja naye. Tisa hawakujua kuogelea. Wale watatu ndio waliompa majina, wakayaweka kwenye wimbo wao, wakamwambia asiache kuyaimba. Kwao, alisema, wazazi wa wale tisa wameambiwa watoto wao walikufa vitani.

"Hapa nani anajua?"

"Hakuna."

"Mbona mimi umeniambia?"

"Wewe unaondoka."

Ikakatika hapo. Nilianza kuhesabu niliowazika kwa wimbo ule, nikashindwa. Lazaro, mume wangu, nilimtupia udongo kwenye neno la nne. Nilikuwa nimelitamka jina la kijana aliyezama nikidhani namlilia mume wangu. Na baba alisimama kando yangu siku ile, amenishika kiwiko, anaimba.

"Zima," alisema Gwamaka.

"Imeshakwisha, kaka."

"Basi futa."

"Haifutiki. Kanda yenyewe iko Dar. Lakini familia isipokubali, haitatolewa. Itafungiwa."

"Ifungiwe. Mama, umesikia? Ifungiwe."

"Watu tisa, Gwamaka," nilisema.

"Na sisi si watu? Baba alikuwa na miaka ishirini na miwili! Kosa la mtoto, amelilipia maisha yake yote, leo tumzike mara ya pili? Jumapili nitakaa kwenye kile kiti wananitazama vipi?"

"Huko kwao wapo wanaomtafuta mtu kwenye makaburi ya vita, na hayupo."

"Dada Naomi, wewe hukai mbele ya watu. Kaa kimya."

Nilikaa kimya. Nimezoea. Aliyesema ni mama, na hakuwa anamjibu yeyote kati yetu.

"Ile ngoma nilikuwepo."

Gwamaka aligeuka.

"Alikuja amechelewa, nguo zimemganda mwilini, zinachuruzika maji. Nilimcheka mimi. Nilimwambia, we kijana umeoga na suruali? Wenzangu wakacheka wote. Yeye akachukua ngoma, akapiga mpaka jua linazama. Viganja vikachanika, damu ikawa juu ya ngozi ya ngoma, hataki kupokewa. Tulishangilia! Nikasema, huyu anapiga kwa ajili yangu."

"Mama, basi," nilisema.

"Miaka hamsini na miwili, Naomi. Nimejisifia damu ile."

Hakulia. Alijifunga khanga vizuri kiunoni, akamnyooshea Shani mkono.

"Karatasi iko wapi?"

"Mama," alisema Gwamaka, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "ukiweka kidole hapo, mimi kwenye nyumba hii sirudi."

"Basi niage vizuri, mwanangu."

Gwamaka aliondoka bila kuaga. Tulisikia pikipiki yake ikikataa kuwaka mara mbili, kisha ikawaka. Mama alisubiri mlio upotee. Shani alishika karatasi kwa mikono miwili, mama akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakiweka mahali pa mjane.

"Ndaga, bibi," Shani alimshukuru kwa Kinyakyusa.

Mama aliuliza kama kuna sabuni ya kutoa ule wino.

Rekodi iko wazi tangu mwezi wa kumi mwaka ule, pamoja na majina yote tisa. Ndugu wa vijana wawili wamepatikana. Wa wale saba wengine bado. Gwamaka alikiacha kiti cha wazee mwenyewe, hakuna aliyemtoa. Hajakanyaga Ngonga tangu siku ile. Kila mwisho wa mwezi mkewe, Doreen, huwaleta watoto wamwone bibi yao, na jioni huwarudisha mjini.