Tuta la Ngalula

Ngalula alikuwa amekwisha kulipanga neno lake kabla ya kutoka nyumbani: angemwambia Albertine, mkubwa wa bustani, kwamba tuta lake walichukue, wampe mwanamke mwingine. Halikumuuma. Tangu amzike mumewe, Mbuyi, hakuna kilichomuuma. Kwenye matanga wenzake waligaagaa chini, yeye akaketi mkekani akitazama vidole vya miguu yake, mpaka mawifi wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe. Maskini, hakuwa na wa jiwe wala wa nyama. Alikula ugali wa bukari aliopewa bila kujua kama mboga ina chumvi, akalala alipoambiwa alale.

Bustani yenyewe ni ya wanawake wa mtaa, bondeni, nje kidogo ya Kamina. Kila mmoja ana tuta lake, lakini kisima ni kimoja, na mwisho wa kiangazi, mvua ikiwa bado inajivuta, maji yake huwa ya kugombaniwa. Ndiyo maana wana sheria zao. Iliyo nzito kuliko zote ni hii: mwenzako akifiwa, tuta lake humwagiliwa mpaka atoke matangani, na aliyemwagilia hasemi. Akisema, ni kama anamdai shukrani mtu mwenye msiba. Sheria nzuri sana, ila walioitunga hawakufikiria mambo mpaka mwisho.

Siku hiyo aliwakuta watatu: Albertine, Francine na Tshiela. Wakampa pole, akaipokea. Kisha akaenda kulitazama tuta lake, kwa adabu tu, kama mtu anavyomtazama mgonjwa asiye wake.

Mguu ukazama kwenye tope. Vitunguu alivyoviacha vinanenepa, vinakaribia kuvunwa, vilikuwa vimelala chini. Akang'oa kimoja, kikamminyikia mkononi, kimeoza. Akang'oa kingine, nacho vilevile.

"Ni nani alimwanga mayi huku?" aliuliza.

Walitazamana. Francine akakiri kuwa ni yeye, alfajiri, kabla watu hawajafika. Tshiela akashangaa, maana yeye alikuwa akija adhuhuri, wenzake wakiwa wamekwenda kupika. Albertine akashika kiuno. Yeye alimwagilia kila jioni, tena alikuwa akiwasengenya hao wawili kwa mumewe, kwamba wamemtupa mwenzao. Kila mmoja alikuwa ameuficha wema wake barabara, na vitunguu ndivyo vilivyolipa.

Ngalula akainua macho. Kabichi za Albertine zilikuwa zimegeuka njano. Lengalenga za Tshiela, mchicha wa huko, zilisimama vijiti vitupu, na kwa Francine hapakuwa na la kutazama. Maji yao yote yalikuwa yameletwa hapa, yakalala miguuni pake.

Angeweza kushukuru. Badala yake hasira ikampanda, ya moto.

"Muliniulia bitunguu," alisema. "Na byenu bikakauka. Muko na akili, ninyi? Kesho muntu asitie mukono kwangu. Nitakuya miye mwenyewe."

Wale watatu waliinamisha vichwa wakakemewa kama watoto. Albertine alikuwa anauma mdomo ili asionekane amefurahi.

Ngalula akashika njia ya nyumbani, anatembea mbio mbio. Kichwani alikuwa ameanza kuipanga habari yote: wa asubuhi, wa mchana, wa jioni, kila mmoja ananyata na ndoo yake kama mwizi. Mbuyi angecheka mpaka akohoe. Angemwomba amwigizie Albertine alivyoshika kiuno, halafu amwigizie tena. Akaongeza mwendo ili amwahi kabla hajalala.

Alikuwa amefika relini, ameinua mguu avuke, alipokumbuka kwamba nyumbani hakuna wa kusimuliwa.

Hapo ndipo ilipouma. Akaketi kando ya reli, akashika kichwa kwa mikono yake inayonuka uozo, akamlilia mumewe kwa sauti. Waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo, wakamzunguka taratibu, wakamwacha alie.