Masha Wawili wa Matsangoni

Katika Kilifi nzima, naapa, hapakuwa na chumba baridi kama chumba chetu cha mashine. Nje jua lilichoma na moshi wa maganda ya korosho ulikaba koo. Ndani kipoza hewa kilinguruma polepole, kope zikawa nzito, mtu asijue yu kazini au ndotoni. Kazi yangu katika chama cha wakulima wa korosho ilikuwa kutoboa kadi. Kila mkulima alikuwa na kadi yake ngumu, na matundu yake yalisema jina, kijiji, namba, mwaka wa kuzaliwa, na kama yu hai au amekufa.

Alasiri, kazi ikipungua, nilichukua kadi ya mchumba wangu Masha Karisa nikaiweka dirishani. Jua lilipita kwenye matundu likaniangukia kiganjani, vidoa vya mwanga vilivyotetemeka. Niliendelea kufanya hivyo hata baada ya lori lake kupinduka Mariakani. Tundu la kifo nililitoboa mwenyewe. Nani mwingine angelitoboa, na kazi ni yangu?

Mwaka 1985 chama kikanunua kompyuta mpya ya diski, na Gerishom akaletwa kutoka Nairobi kuhamishia humo kadi zetu zote. Zikishahamishwa, kadi zichomwe. Kijana mpole, lakini tai ile, jamani, kwa joto la Kilifi! Aliambiwa kwamba unyevu wa pwani huvimbisha kadi, nasi hutoboa nyingine na kusahau kuitupa ya zamani. Basi akaiagiza kompyuta: popote kadi mbili zina jina moja, kijiji kimoja na namba moja, zifanywe moja.

Agizo la maana, ila hakuzaliwa Mgiriama. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake. Karisa akamzaa Masha, Masha akamzaa Karisa, Karisa akamzaa Masha, na Masha Karisa wakawa wawili katika mji mmoja, yaani boma moja la ukoo. Namba nayo ilikuwa ya mji, si ya mtu. Kilichowatenganisha ni mwaka tu: wangu alizaliwa mwaka wa mafuriko, 1961, na kwa babu yake paliachwa wazi kwa kuwa mwenyewe hakuujua.

Siku nzima kadi zilimezwa na mashine kwa mlio wa mvua juu ya makuti. Nikasinzia. Nikamwona Masha akitembea Matsangoni, kila mlango ukimfungukia, kila nyumba ikiwa tupu na nyeupe. Nilipogutuka, kazi ilikuwa imekwisha na Gerishom anafuta miwani.

Kesho yake karani wa mizani akaniletea babu yake Masha, gunia lake limeachwa nje.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, muche wangu." Ndivyo alivyoniita, yaani mke wangu, tangu nilipochumbiwa na mjukuu wake, mke wa somo yake ni wake pia, huo ndio utani wetu. "Wananiambia nimekufa. Korosho za maiti hazipimwi."

Gerishom akatazama kioo cha kompyuta. Masha Karisa, wa Matsangoni, mmoja tu. Marehemu. Uso ukamwiva.

"Samahani sana, mzee. Kumbe ni wawili. Niambieni aliyefariki ni yupi, niwatenganishe. Ni dakika tu."

Mzee akakaa kwenye kiti changu, akatazama maandishi yale ya kijani asiyoweza kuyasoma.

"Ni lazima wawe wawili?" akauliza. "Huyo mmoja mfutieni kifo, mwacheni. Nikileta korosho, ni Masha kaleta. Mimi nina miaka mingapi tena? Nikiondoka, yeye atabaki humo hai. Hamtapungukiwa na kitu."

"Inawezekana," Gerishom akasema taratibu, akinitazama mimi. "Wewe unawajua, dada Kadzo. Sema wewe."

Nakwambieni, nilitamani. Kufuta neno moja tu, na Masha asingekuwa amekufa popote katika dunia ya chama chetu. Ubaridi ulinikumbatia, kipoza hewa kikanibembeleza, na kwa kitambo nilimwona kweli, yu hai ndani ya kioo. Kisha nikatafuta uso wake, nikauona wa babu yake. Hapo nikashtuka. Huyo aliyebaki hai hakuzaliwa mwaka wa mafuriko, hakuendesha lori, hakunicheka nilipokanyaga mwiba ufukweni. Nilimpenda mtu mmoja, wala hakuwa nusu ya jina la mtu mwingine. Kama kuwa yeye mwenyewe ni kuwa marehemu, basi na awe marehemu, lakini awepo.

"Ni wawili, babu," nikasema. "Nisamehe. Walikuwa wawili."

Gerishom akaninyanyulia kibao cha herufi akanisogezea. Nikaandika jina, kijiji, mwaka wa mafuriko, na lile neno, mara ya pili kwa vidole vilevile. Nilikuwa nalia waziwazi wala sikuona haya.

"Umemwandika?" mzee akauliza.

"Nimemwandika."

"Nisomee."

"Masha Karisa, wa Matsangoni. Alizaliwa 1961. Amefariki."

Akafumba macho, mikono magotini.

"Soma tena," akasema.